Fundi wa chini ya ngazi, Kariakoo: nyota nne, ya tano nimeibakiza na sababu ninayo

Naandika hii kwa wenzangu wa maofisini, wale ambao kompyuta ikikataa kufungua tovuti mnakimbilia kununua bando jipya au kupiga Windows upya. Mi nimefanya vyote viwili ndani ya wiki moja na vyote vilikuwa hasara, mpaka nilipopelekwa kwa huyu mzee anayekaa chini ya ngazi za ghorofa moja mitaa ya Aggrey. Duka halina jina wala kibao, kuna meza, taa ya kuinamia, stuli mbili na lundo la mashine zimefunuliwa. Ukiuliza "fundi wa ngazini" wauza simu wa pale wanakuonyesha.

Mi nafanya hesabu kwenye duka la jumla hapahapa Kariakoo. Jumatatu tarehe 16 nimefika, mashine imeshawashwa kama kawaida, nafungua mfumo wa kodi nianze kuandaa ritani ya VAT maana mwisho ni tarehe 20, inakuja kurasa nyeupe na alama ya onyo, kwamba muunganisho hauko salama. Nikajaribu benki, hivyohivyo. Barua pepe, hivyohivyo. WhatsApp ya kwenye kompyuta nayo ikagoma. Kwenye simu yangu vyote vinafunguka vizuri tu, nikasema basi ni intaneti ya ofisi, nikawasha hotspoti ya simu, nikajiunga bando la elfu tano kwa hela yangu mwenyewe, nikaunganisha kompyuta, onyo lilelile. Hapo mtu mwenye akili angeshajua tatizo liko kwenye kompyuta sio kwenye mtandao. Mi nikaongeza bando lingine.

Jumanne bosi akaita fundi anayemjua yeye, kijana mmoja simtaji. Akaangalia sekunde kumi akasema hivi ni virusi, hii lazima ipigwe Windows upya, elfu arobaini. Akaondoka nayo. Jumatano jioni kairudisha, kaiwasha mbele yetu, tovuti zote zinafunguka, tukamlipa. Programu ya hesabu ikabidi isajiliwe upya na printa ya risiti ikawa haitambuliki, nimekaa mpaka saa mbili usiku narudisha vitu vyangu, ila nikasema haidhuru, angalau inafanya kazi.

Alhamisi asubuhi onyo limerudi! Lilelile, kama vile hakuna kilichofanyika, hafu ni tarehe 19.

Jirani yetu anayeuza vifaa vya umeme ndo akaniambia chukua hiyo mashine mpelekee mzee wa ngazini. Nikabebesha mkokoteni, nikafika pale saa tatu na nusu, yeye akafika saa nne na robo (hilo nitalirudia). Nikamwamkia, nikaanza kumweleza, mzee shikamoo mashine yangu ina virusi inasema tovuti sio salama, akanikatisha, "Binti, hayo ni maneno yako. Mi nataka maneno yake yenyewe." Nilikuwa nimepiga picha ile kurasa nimtumie bosi, nikampa simu. Akavuta picha kwa vidole, akanigeuzia. Yaani imeandikwa kwa Kiingereza kikubwa kabisa kwamba saa yako iko nyuma, na chini yake kwa maandishi madogo kuna msimbo wa kosa, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nimeiangalia hiyo kurasa siku tatu. Macho yalikuwa yanakwenda kwenye ile alama ya onyo tu, maneno sikuyasoma hata mara moja, na yule kijana wa elfu arobaini naye hakuyasoma.

Sasa hapa ndo nilipompenda huyu mzee. Hakushika bisibisi. Kauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: asubuhi mashine anaiwasha nani? Nikamwambia mama wa usafi, anafika kabla yetu saa kumi na mbili kamili, anawasha meni swichi hafu anawasha kompyuta ili tukifika tukute ziko tayari. Na usiku? Usiku bosi anazima meni swichi ya ofisi nzima, tangu soko la Kariakoo liungue Julai 2021 halali mtu na umeme pale. Mzee akasema mpigie huyo mama. Nikampigia, nikaweka spika.

"Shikamoo mama. Eti hii kompyuta ya kwangu ukiwasha asubuhi inakwambia chochote?"

"Marahaba mwanangu. Inatoa maandishi meupe kwenye weusi, inasema bonyeza F1. Nabonyeza, inaendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Jana mashine haikuwepo, leo asubuhi nimebonyeza tena. Kwani nimekosea?"

Hajakosea chochote jamani, yeye ndo alikuwa anajua tatizo kuliko sisi wote ofisini na hakuna aliyemuuliza. Mzee akacheka, akafungua kava la pembeni.

Ndani kuna vumbi la kufinyangia chungu. Akapuliza, akanionyesha kwenye mazabodi kitu cha duara kinang'aa kama sarafu, ndo betri ya CMOS, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kushikilia saa ya mashine na mipangilio ya bayosi (ile programu ya kuwashia mashine kabla ya Windows) pale ambapo umeme wa ukutani haupo. Akasukuma kile kichuma cha pembeni kwa ncha ya bisibisi, betri ikaruka, akaipima kwa mita, ikasoma chini ya volti mbili, akapima mpya mbele yangu ikapita tatu kidogo. Kabla ya kuiweka mpya akachukua kipande cha selotepu nyeupe, akaandika tarehe ya siku hiyo kwa kalamu, akakibandika ndani ya kava. "Fundi ajaye asikudanganye." Kisha akaingia bayosi, akarekebisha tarehe, akaiwasha, akaenda Windows akahakikisha majira yamewekwa ya Afrika Mashariki, akaizima, akachomoa waya wa umeme kabisa, akaniambia tukae. Tumekaa kama dakika ishirini anakunywa kahawa, akachomeka, ikawaka bila F1 na tarehe iko sawa. Yule mwingine aliiwasha tu ofisini tukampa hela, hakuwahi kuichomoa aone.

Kumbe maelezo yake ni mepesi. Karibu kila tovuti ya siku hizi ina cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Betri ikifa na umeme ukizimwa usiku, mashine inasahau leo ni lini, ya kwangu ilikuwa inarudi tarehe 1 Januari 2015. Mzee akasema chukulia umesimamishwa na trafiki, unampa leseni halali kabisa, ila yeye kichwani mwake bado yuko 2015, anaona leseni yako imetolewa miaka ijayo, atakuachia? Ndo brauza inavyofanya, na inafanya kwa tovuti zote duniani kwa mkupuo. Dalili yenyewe ndo hiyo, ikikataa tovuti moja lawama inaweza kuwa ya tovuti, ikikataa zote angalia saa kwanza.

Nikamuuliza mbona Windows haijirekebishi yenyewe, si ina intaneti? Akasema inajirekebisha, ila ina mpaka, kompyuta isiyo chini ya seva ya ofisi ikikuta tofauti imezidi masaa 15 inagoma kujisahihisha, inaona bora ikuachie wewe. Ya kwangu ilikuwa nyuma kwa miaka. Na kwa nini Jumatano ilikubali? Kwa sababu kijana alipopiga Windows aliweka tarehe kwa mkono, na mpaka tunamlipa mashine haijalala usiku kucha bila umeme. Usiku bosi akazima meni, basi.

Akaongeza kwamba huko mbele tutaonana sana, maana maisha ya vyeti yanafupishwa. Zamani kidogo cheti kiliruhusiwa siku 398, kuanzia Machi 2026 ukomo ni 200, Machi 2027 inashuka kuwa 100, na Machi 2029 itakuwa siku 47. Vyeti vinabadilishwa harakaharaka, so hata mashine iliyochelewa miezi miwili tu itaanza kulia.

Kuna kitu kimoja kilinichekesha mpaka machozi. Nilimwambia mzee lakini saa ya kwenye kona mbona nilikuwa naiona iko sawa, nimefika saa mbili na robo na yenyewe imeandika 2:15. Akanitazama. Mama wa usafi anawasha saa kumi na mbili kamili, mashine inaanza kuhesabu sifuri, kwa hiyo nikifika mimi saa mbili na robo yenyewe nayo imefika 2:15 ya usiku wa manane. Siku zote tatu kompyuta ya ofisi ilikuwa inasoma saa za Kiswahili na mi nikaona imetulia kabisa. Tarehe sikuangalia.

Bosi kusikia imepona akanitumia na laptop yake kwa bodaboda, kwamba nayo ina ugonjwa huohuo. Onyo linafanana ukiliangalia kwa mbali, ila mzee kasoma msimbo, hii inaishia AUTHORITY_INVALID, na saa iko sawa. Ugonjwa mwingine kabisa. Akabonyeza pale kushoto kwa anwani palipokuwa na kufuli, akafungua cheti cha benki, akanionyesha mstari wa aliyekitoa. Pale panatakiwa pawe na moja ya zile kampuni zinazotambulika za kutoa vyeti, badala yake pameandikwa jina la antivairasi ambayo bosi aliwekewa ya majaribio ya bure ikaisha muda zamani. Inakaa katikati, inafungua kila mawasiliano ikague, inayafunga tena kwa muhuri wake yenyewe, na mtu alijaribu kuifuta ikatoka nusu, muhuri hautambuliki tena ila ukaguzi unaendelea. Mzee kaiondoa yote, kawasha ulinzi wa Windows wenyewe, kama robo saa hivi.

Katikati ya hapo bosi kapiga simu ana haraka, anasema mwambie abonyeze tu pale pa kuendelea hivyohivyo alipie mzigo. Mzee kakataa. Akasema onyo la namna hii maana yake huenda kuna mtu kakaa kati yako na benki, leo ni antivairasi mbovu, kesho ni mwizi wa nywila kwenye waifai ya hotelini, na brauza haiwezi kuwatofautisha. Tena kwenye ile tovuti kitufe chenyewe cha kuendelea hakikuwepo, tovuti ikishaiambia brauza isiipokee bila cheti kizima hicho kitufe kinafichwa. Bosi akanuna kidogo. Alilipia mzigo saa tisa na amani.

Gharama: betri 2,000, ufundi wa mashine yangu 10,000, laptop 10,000. Alipokwenda kuswali adhuhuri aliniachia duka zima na simu za watu juu ya meza, akarudi kanikuta namuhudumia mteja wa chaji.

Sasa ile nyota. Moja, kuchelewa. Amekwambia saa tatu wewe jua ni saa nne na, simu hapokei asubuhi kabisa. Mbili, anaongea mno, kuna hadithi moja ya printa ya mwaka 2003 nimeisikia mara mbili ndani ya siku moja na mwisho wake haukufanana. Hayo nayasamehe. La tatu sisamehi, hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mi mhasibu, nimetoka pale na kikaratasi cha daftari kimeandikwa "betri na ufundi" kwa kalamu ya bluu, naiingizaje hiyo kwenye vitabu? Elfu ishirini na mbili za ofisi nimezikalia mpaka bosi akasaini petty cash kwa manung'uniko, na hapo kikaratasi cha mzee kina tarehe sahihi tu, sahihi hakina. Nimemwambia, akasema "nitanunua inshallah", kwa sauti ya mtu asiyenunua.

Ritani niliituma tarehe 20 saa tano asubuhi. Mama wa usafi siku hizi akiona maandishi yoyote kwenye skrini nyeusi anapiga picha ananitumia WhatsApp kabla hajabonyeza, wiki iliyopita kanitumia na ya king'amuzi cha mapokezi.

Ukitaka kwenda: shuka mwendokasi Gerezani, tembea mpaka Aggrey kwenye maghorofa ya simu, uliza. Beba mashine yenyewe na picha ya onyo inayoonyesha mpaka yale maandishi madogo ya chini, la sivyo atakurudisha ukapige. Ijumaa mchana usiende, hayupo.