Multistix 10 SG: vijiti vya kupima mkojo kwa mwenye MS

Mwenye multipo sklerosisi (MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo) akiamka miguu mizito na misuli imekaza kuliko jana, kabla ya kusema ugonjwa umeamka, mkojo upimwe kwanza. Homa ya maambukizi ya mkojo hupunguza mwendo wa ujumbe kwenye neva zilizochubuka, hivyo dalili za zamani hujitokeza upya bila jeraha jipya ubongoni. Kumpa steroidi za dozi kubwa, dawa za kutuliza uvimbe MS inapoamka, mtu mwenye maambukizi ni kuyachochea. Vijiti hivi vinasaidia hapo, ila vina ujanja wake.

Kijiti kina viraba kumi. Kwa kazi hii tazama viwili, nitriti (kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo) na seli nyeupe (za damu, zinazopambana na maambukizi). Chovya vyote vilowe, toa papo hapo, pangusa ukingo kwenye mdomo wa kikombe, kisha kilaze rangi zisichanganyikane. Nitriti husomwa sekunde ya 60, seli nyeupe dakika ya 2. Wengi husoma vyote kwa pamoja, seli nyeupe zikaonekana hazipo.

Udhaifu mkubwa ni nitriti. Bakteria huhitaji takriban saa 4 kibofuni kuitengeneza, na wengi wenye MS hukimbilia choo kila baada ya muda mfupi. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hata hivyo enterokokasi, aina ya bakteria, hawaitengenezi kabisa, na vitamini C nyingi huizuia isionekane. Chupa ikiachwa wazi, unyevu huharibu viraba na nitriti ya uongo hujitokeza. Funga kifuniko mara moja, weka kati ya nyuzijoto 15 na 30, kamwe si kwenye friji.

Kwa anayetumia katheta (mpira wa kutoa mkojo), bakteria huwemo hata akiwa mzima, kwa hiyo rangi peke yake si sababu ya antibiotiki. Mkojo wa kwenye mfuko usipimwe, maana bakteria huzaana humo. Dalili zikiwepo, sampuli ioteshwe maabara kabla ya kidonge cha kwanza. Homa yenye kutetemeka au maumivu ya mbavuni ni ya hospitali, hata kijiti kikiwa safi. Anayesubiri dripu ya ocrelizumab, dawa ya MS, aseme mapema, kwani huahirishwa mpaka maambukizi yaishe.

Kasoro moja haimo kwenye karatasi ya maelezo: nitriti husomwa kwa rangi ya waridi, na uvimbe wa neva ya jicho, wa kawaida kwenye MS, hufifisha wekundu. Aliyewahi kuupata amwombe mwenzake amsomee.