Slack au ofisini? Uzoefu wa timu yetu

Timu yetu ni ndogo, tunatengenezea wateja tovuti na programu za simu, na ofisi iko Kijitonyama, Dar es Salaam. Zamani wote tulikuwa tunakuja kila siku. Sasa wengi wako nyumbani na maongezi ya kazi yamehamia Slack, programu ya kutumiana ujumbe kazini. Kwa kumbukumbu, ofisi haifui dafu. Kwa kuelewana, ofisi bado iko mbele.

Mteja alipokuwa akibadili mawazo, habari ilipita kwa mdomo: bosi kamdokeza mbunifu kwenye ngazi, mbunifu kasahau, siku ya kukabidhi kazi kila mmoja anasema "mimi sikuambiwa". Siku hizi kila mteja ana chaneli yake, yaani ukumbi wake wa maongezi ndani ya Slack, na kila badiliko linaandikwa humo, kwa hiyo ubishi unaisha kwa kutafuta tu. Angalizo: Slack ya bure inakuonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita, basi. Mambo ya mkataba tunayanakili Google Docs.

Kinachotuchelewesha ni adabu zetu wenyewe. Kijana anaandika "Shikamoo kaka", kisha kimya, anasubiri marahaba. Mimi niko na mteja, salamu naiona baadaye, najibu. Yeye naye ameshaenda kula. Swali lenyewe, nywila ya seva, linafika jioni! Ofisini angeamkia na kuuliza papo hapo, akaendelea na kazi. Tumekubaliana salamu na shida viende kwenye ujumbe mmoja. Wapo wanaoona huko ni kukosa heshima, na siwalaumu. Hata mimi nikimwandikia mkurugenzi mkono unasita.

Mikutano ya video haina makuu. Zoom ya bure inakata kikao cha kundi kikifika dakika 40, nasi imetufaa, maana wasemaji wetu warefu wamejifunza kufupisha. Ila Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulirudi kwenye kupigiana simu za kawaida.

Vijana wa field, wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, nisingewaanzishia nyumbani hata kidogo. Kazi hii wanaiiba kwa masikio: wanamsikia mkubwa akibembeleza mteja kwenye simu, wanachungulia kioo cha kompyuta ya jirani, wanauliza bila kupanga. Kwenye chaneli anayeona aibu haulizi, na hutajua kuwa amekwama mpaka siku ya kukabidhi. Kwa mzoefu anayetokea Mbagala, kumwita kila siku aje kugombania daladala ili akaandike code za programu kimyakimya ni kumchosha bure.

Kwa sasa Jumanne na Alhamisi wote tunakuja. Siku hizo mambo mengi huamuliwa kwa mama ntilie, na ambaye hakuwepo mezani hasikii, kwa hiyo tumeweka sheria: lisiloandikwa kwenye chaneli halijaamuliwa. Bosi ameshakwama nayo. Alikuja na "si tulikubaliana juzi?", akaombwa aonyeshe ujumbe.