Programu ya mauzo dukani na mafua ya kipupwe Uyole

Programu ya kurekodi mauzo tunayoitumia katika duka letu la dawa hapa Uyole, Mbeya, ina ukurasa mmoja unaostahili tathmini ya peke yake. Ukurasa huo hujumlisha kila wiki mauzo ya dawa za maji za kikohozi, vidonge vya mafua na parasetamoli, huyalinganisha na ya majira kama hayo mwaka uliotangulia, kisha hukadiria mahitaji ya wiki zinazofuata. Katika baridi ya Juni na Julai msaada huo ni mkubwa, kwa sababu wagonjwa wengi hupitia dukani kabla ya kufikiria kituo cha afya, na hivyo mauzo huweza kuonyesha kuenea kwa mafua mapema kuliko rejista ya wagonjwa. Mwaka huu makadirio yalituwezesha kuagiza mzigo kabla ya msongamano.

Kasoro yake kubwa ni kwamba inahesabu kilichouzwa, haihesabu kilichotafutwa. Dawa ya kikohozi ya watoto ilipotuishia wakati wa baridi kali, mstari wa mauzo ulishuka, na programu ikakadiria kuwa mafua yanapungua, ilhali akina mama walikuwa wakiendelea kuja na kuondoka mikono mitupu. Kosa la namna hii ni la hatari, kwa kuwa linashusha makadirio wakati uleule ambapo ugonjwa umepamba moto.

Vilevile, si kila anayenunua ana mafua. Parasetamoli hununuliwa pia na wenye malaria waliotoka Kyela, na vumbi la kiangazi huwapigisha chafya watu wasio na kirusi chochote. Hata Google, iliyoanza mwaka 2008 kukadiria mafua kwa kuangalia watu wanachotafuta mtandaoni, ilikadiria kupita kiasi nchini Marekani katika msimu wa 2012 hadi 2013, na huduma hiyo ikasitishwa mwaka 2015.

Ninaipendekeza programu hii kwa wenye maduka ya dawa wa Nyanda za Juu Kusini, mradi makadirio yake yasomwe sambamba na idadi ya wagonjwa wa kituo cha afya kilicho karibu. Waundaji nimewaomba waongeze sehemu ya kuandika dawa iliyoulizwa ikakosekana; kwa sasa tunaziandika kwenye daftari la kaunta, na kila Ijumaa tunazijumlisha na mauzo kabla ya kuagiza.