Uswisi au Austria: nani alijua zaidi kutofungamana?

Uswisi ina ukongwe: kutoegemea kwake upande wowote kulitambuliwa na mataifa makubwa mwaka 1815. Austria ilijitangazia kwake Oktoba 1955, baada ya majeshi ya kigeni yaliyoikalia tangu Vita Kuu ya Pili kuondoka.

Kwenye diplomasia, Austria iliingia Umoja wa Mataifa mwaka huohuo, na Kurt Waldheim akawa Katibu Mkuu kuanzia 1972. Uswisi ilisubiri hadi 2002, ingawa Geneva ilikuwa imejaa ofisi za umoja huohuo. Ajabu kidogo! OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, nayo ilihama Geneva kwenda Vienna mwaka 1965.

Michezoni, Uswisi ina makao: Kamati ya Olimpiki iko Lausanne, FIFA iko Zurich. Austria ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki za baridi Innsbruck, 1964 na 1976. Uwanjani? Kombe la Dunia 1954, Austria iliifunga Uswisi 7-5, kwao Lausanne. Lakini 1956 Uswisi ilisusia Olimpiki za Melbourne kwa sababu Wasovieti waliivamia Hungary. Austria ilikwenda, huku ikiwapokea wakimbizi wa Hungary.

Ukitaka taifa la kutunza ofisi na fedha za mashirika, Uswisi. Ukitaka jirani wa kambi mbili za Vita Baridi, Mashariki na Magharibi, mwenye sauti mezani, Austria.