Kima wa City Park hana makosa, mpiga picha ndio shida

Niseme mapema, City Park ya Nairobi sina neno nayo. Ile bustani ya sanamu ya Murumbi iko sawa, miti iko sawa, hata kima mwenyewe nimemsamehe. Hasira yangu ni ya mpiga picha niliyemlipa anipige picha za grajuesheni, jina simtaji, ila ukimsikia mtu akikujibu kila kitu "madam, hiyo haiko kwa pakeji" basi jua ndiye huyo na utoroke.

Mahali nilichagua mimi. Wenzangu wote wanaenda Arboretum, nikasema hapana, mimi nataka pale kwa Murumbi, kwa sababu guka yangu, yaani babu, alikuwa hamalizi chai bila kumtaja Pinto. Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpigania uhuru, alipigwa risasi 1965, akazikwa pale kwa makaburi ya City Park, na Joseph Murumbi rafiki yake akawa makamu wa rais wa pili wa Kenya 1966 na mwaka huohuo akaacha kazi, akafa 1990, na leo amelala karibu na Pinto, na mkewe Sheila yuko pale kando yake. Ni Murumbi huyu ndiye alikuwa akinunua sanaa na vitabu na stempu mpaka leo ukiingia National Archives pale Moi Avenue vitu vyake vimejaa chini. Sasa kuzunguka kaburi lake kuna sanamu za wasanii wa huku kwetu, watu wa rika la Ong'esa wa Kisii na Nnaggenda wa Uganda. Hakuna kelele, hakuna mtu wa kukuuzia baluni. Mpiga picha alipofika kitu cha kwanza kusema ni "aah, kwa makaburi?" Hapo ningejua.

Basi nimesimama kando ya sanamu moja, joho limepigwa pasi, kofia iko sawa, naambiwa nicheke kidogo. Hapo ndio kima akashuka. Wale wa City Park wakubwa, wenye kola nyeupe shingoni. Hakuja mbio, alikuja akitembea polepole, akaigusa sanamu na mkono, akainusa, akazunguka nyuma akaikagua na huko, halafu akapanda juu kabisa akakaa akinitazama kama lekchara anayesimamia mtihani. Mashavu yote mawili yamefura njugu za watu wa getini, maana hawa hawamezi saa hiyohiyo, wanaweka akiba mdomoni. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia majani akaniambia, "usiogope binti yangu, huyo ndio dume lenyewe, kundi huwa na mmoja tu mkubwa, anaangalia kwake." Nikacheka kweli, si kile kicheko cha picha.

Nageuka, kamera haiko kwangu! Jamaa amepiga magoti chini anamwongelesha kima, "kaa hivyo, kaa hivyo boss, usisonge." Mimi nimemlipia deposit, kima hajalipa hata bob, lakini boss ni kima. Halafu, na hili ndilo sitasahau hata nikizeeka, akanipungia mkono bila kuniangalia akasema, "madam songa kidogo, unaziba."

NAZIBA. Siku yangu, joho langu, miaka yangu yote ya kufukuzana na supavaiza, naziba.

Kima naye kusikia kelele zangu akanyoosha mkono pole kabisa akavuta kishada cha kofia, akakionja, akakitema, akaniachia. Hata kwa kuiba ana adabu kuliko yule.

Sasa ikaja bili. Ile tuliyokubaliana, halafu chini yake mstari mwingine, "picha za mnyama". Nikampigia simu nikamuuliza, kima ni wako? Ulimleta na boda? Akanijibu eti kima si wake lakini taiming ni yake, na mnyama haiko kwa pakeji. Mpaka leo picha amezituma zikiwa na jina lake limepigwa mhuri katikati ya uso wangu, safi anatoa nikilipa.

Nilitaka kuweka nyota moja nilale. Shida ni kwamba nimeziangalia tena usiku. Kuna moja, kima ako juu ya sanamu mkono kwa goti, mimi chini kofia imepinda nacheka mdomo wazi, mwanga unatoka kwa miti nyuma, na wallahi sijawahi kutoka hivyo kwa picha maisha yangu yote. Mum ameiona akasema hiyo ndio ya kuwekwa sitting room, zile zingine za kusimama wima nipeleke kwa HR. Kwa hivyo kazi anajua, siwezi danganya. Mdomo ndio hana.

Mkienda pale msibebe njugu mfukoni, na kofia muishike. Mpiga picha tafuteni mwingine, ama mchukueni huyuhuyu lakini muandikishane mpaka wanyama na ndege. Mimi namwachia nyota mbili, moja ya kamera na moja ya kima. Akitoa ule mhuri naweza ongeza ya tatu, lakini pesa ya kima silipi. Labda nusu.