Kiti cha Chevrolet C10 yangu kuchongwa na kushonwa upya: uzoefu wangu

Nimekikalia kiti hiki miezi minne sasa, jua kali na mvua, safari za karibu na moja ya saa saba mfululizo. Nilisubiri makusudi kabla ya kuandika, kwa sababu siku unayokichukua kwa fundi kila kiti ni kizuri.

Gari ni Chevrolet C10 ya 1969, pikapu yenye kiti kimoja kirefu kutoka mlango hadi mlango. Nilirithi kwa baba mdogo, aliyeiendesha karibu maisha yake yote ya kazi, na kiti kilimkariri yeye: upande wa dereva ulikuwa umedidimia, ukikaa tu mwili unalala kuelekea mlangoni. Nilikuwa najishikilia kwa mguu wa kushoto, ule ule wa kukanyagia klachi. Dakika 40 barabarani, kiuno kinaanza kuuma. Nikishuka nasimama kwanza, nashika mlango, ndipo natembea.

Mara ya kwanza nilikipeleka kwa fundi mmoja nikamwambia anishonee kava jipya. Hilo ndilo nililoomba na hilo ndilo alilofanya. Alivua kava la zamani, akalaza tabaka la sponji laini juu ya ile iliyochoka, akavalisha. Wiki mbili kilipendeza sana. Kisha sponji mpya ikalifuata shimo la zamani, kava likalegea likajaa mikunjo, na kwa kuwa nilikuwa nimeinuliwa kama sentimita tatu, mapaja yakawa yanagusa usukani kila ninaponyanyua mguu. Usukani wa gari hizi ni mpana, na wangu hauna namna ya kuuinua. Kwa hiyo kiti kilikuwa kizuri machoni na kibaya zaidi kukalia.

Fundi wa pili, ambaye ndiye ninayemzungumzia hapa, alikataa kuletewa kiti peke yake. "Njoo na gari zima, bosi. Kiti hakikaliwi mezani." Nilipofika hakugusa kava. Aliingia upande wa abiria, akaniambia niendeshe kama kawaida, na muda wote akawa ananiangalia mimi. Anaangalia goti linafika wapi ninapokanyaga klachi, bega linafanya nini ninapozungusha usukani, kichwa kinaenda wapi ninapotazama kioo cha pembeni. Tuliporudi ndipo akatoa futi: kutoka paja hadi chini ya usukani, kutoka kisigino hadi mkunjo wa goti, kutoka kichwani hadi darini. Akaandika yote kwenye kipande cha kadibodi, na kadibodi hiyo aliibandika ukutani hadi kazi ilipoisha.

Alipofungua kiti aliniita nione, na nashukuru aliniita. Juu kava, chini yake sponji ya fundi wa kwanza, chini yake sponji ya zamani iliyokuwa imegeuka ya njano na kumeng'enyuka vidoleni kama mkate mkavu. Sponji ya aina hii huzeeka hata bila kukaliwa. Hewa, joto na unyevu vinaila polepole. Chini zaidi kulikuwa na pamba iliyoganda, kisha kipande cha gunia, au tuseme mabaki yake, kisha springi za waya uliopindwa kama nyoka. Mbili upande wa dereva zilikuwa zimekatika, na ncha ya mojawapo ilikuwa imejichimbia shimo ndani ya sponji, refu kama kidole. Fremu yenyewe ilikuwa na ufa kwenye kona ya nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimelipia kava la kufunika jeraha.

Kitu kimoja ambacho mwenye pikapu ya miaka hii anapaswa kukijua: kwenye C10 za kizazi hiki, hadi 1972, tangi la mafuta liko ndani ya kabini, nyuma kabisa ya egemeo. Unakaa nalo mgongoni. Hilo linaamua mambo mawili. Kwanza, huwezi kulisogeza egemeo nyuma kadiri upendavyo. Nafasi ikiisha imeisha. Pili, kazi yoyote ya moto haifanyiki garini. Fundi alitoa kiti kizima nje, akaenda kuchomelea ufa ule mbali na gari, na hata gundi ya kupuliza hakuitumia ndani ya kabini, maana mvuke wake nao unashika moto. Sikumwuliza, alifanya hivyo kwa mazoea yake, na mimi imani yangu kwake ilianzia hapo.

Fremu ilipigwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Springi zilizokatika zikabadilishwa, na zile jirani zake akazibadilisha pia ingawa zilikuwa nzima, kwa sababu springi mpya kando ya iliyochoka hazibonyei sawa. Juu ya springi akatandika gunia jipya la jute, akalikaza. Tabaka hilo linaonekana halina maana, lakini ndilo linalozuia waya usiikate sponji kila gari inaporuka shimo.

Sasa sponji, na hapa nitakaa kidogo.

Mimi nilidhani sponji ni ngumu au laini, basi. Fundi alinipa vipande viwili nivibonyeze kwa kiganja. Vyote viwili vilinirudishia nguvu ile ile. Kisha akanipa nivinyanyue: kimoja kilikuwa kizito waziwazi. Uzito wa sponji, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, ni jambo moja, na ugumu wake ni jambo lingine. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu ukaiona imara dukani, lakini ukiikalia kila siku inalala na hairudi. Nzito ndiyo inayodumu, iwe laini au ngumu. Ukienda kwa fundi, muulize uzito, usiishie kubonyeza.

Kiti changu kina tabaka mbili. La chini ni gumu na zito, linabeba mwili na kuzuia usigote kwenye springi. La juu ni laini zaidi, jembamba, la kupokea mifupa ya makalio. Kwa mpango huo aliweza kushusha kiti kwa sentimita nne kutoka pale fundi wa kwanza aliponiweka, bila mimi kuhisi chuma. Angetumia sponji laini peke yake asingeweza. Ingebidi iwe nene.

Kuchonga kulichukua siku nzima na nilikuwapo. Anatumia kisu cha umeme chenye meno marefu, kwanza anachora kwa chaki, kisha anakata kidogo, ananiita nikae, nainuka, anatazama alama niliyoacha, anakata tena. Nilikaa na kuinuka labda mara kumi na tano, suruali ikajaa chaki. Ukingo wa mbele ndio uliomsumbua zaidi. Ukiwa chini, mapaja yananing'inia na mguu unachoka. Ukiwa juu, unabana chini ya goti na vidole vinakufa ganzi. Aliingiza kiganja chake kati ya goti langu na sponji, akataka kipite kwa shida kidogo lakini kipite. Alipochoka na kisu akamalizia kwa msasa, akiufuata mviringo kwa vidole huku amefumba macho.

Kwenye egemeo aliongeza kitu ambacho kiti cha asili hakikuwa nacho: uvimbe mdogo usawa wa kiuno. Ni kama sentimita mbili na nusu tu. Alisema nikiuona kwa macho basi ameukosea, niuhisi kwa mgongo tu. Na kweli, ukilitazama egemeo kutoka nje unaona limenyooka.

Tulibishana jambo moja. Mimi nilitaka kingo za pembeni ziinuke sana, zinikumbatie kwenye kona kama viti vya magari ya michezo. Yeye akasema, "Ukifanya hivyo, wa katikati atakaa wapi?" Kiti kirefu ni cha watu watatu. Ukichonga mashimo mawili ya dereva na abiria, katikati kunabaki kilima, na anayekaa pale anakuwa juu ya wenzake, anateleza kila upande. Tulikubaliana: kingo za chini, upande wa dereva ukiwa na bonde la wastani, na katikati pabaki tambarare. Nilikubali shingo upande. Juzi shemeji alikaa katikati saa mbili nzima, mkanda umefungwa, na hakulalamika. Fundi alikuwa sahihi, na nafurahi hakunisikiliza. Mikanda yenyewe aliihakikishia njia: vifungio vinatokeza kati ya egemeo na sehemu ya kukalia bila kumezwa na sponji mpya, na alinifanya nijifunge na kujifungua kila upande kabla ya kushona chochote.

Kava nitalisema kwa kifupi. Nilichagua ngozi bandia ya kahawia iliyokolea, yenye kitambaa kinachonyumbulika nyuma yake, na mistari ya kushona inayosimama wima kama ilivyokuwa mtindo wa enzi hizo, upana wa sentimita tano kila mmoja. Uzi ni wa poliesta, maana wa nailoni una nguvu lakini jua linaudhoofisha mapema, na kioo cha nyuma cha pikapu kinaleta jua jingi. Hatua za mshono aliziacha ndefu kiasi. Nilipouliza akaniambia ngozi bandia ikitobolewa matundu ya karibu karibu inachanika palepale kama stempu. Kuvalisha alikufanya mchana, baada ya kulianika kava juani likapata joto na kulainika, kisha akalivuta na kulifunga kwa pete ndogo za chuma kwa koleo lake, kach, kach, kach, kutoka katikati kwenda pembeni, kulia moja, kushoto moja. Alipomaliza hapakuwa na mkunjo hata kwenye kona.

Sasa yasiyonifurahisha.

Muda. Aliahidi siku kumi, ikawa wiki tatu na siku mbili. Sponji nzito ilichelewa kupatikana, naelewa, lakini mara mbili nilimpigia mimi ndipo nikaambiwa. Gari lilikaa bila kiti muda wote huo. Kama unalitegemea gari kwa kazi, panga kwa kuzidisha muda unaoambiwa.

Mistari. Ule wa nne kutoka mlango wa abiria haukutani sawasawa na mwenzake wa kwenye egemeo. Umekosea milimita tano hivi. Mtu mwingine haoni, mimi nikifungua mlango jicho linaenda pale moja kwa moja. Nilimwonyesha, hakubisha, akasema nimpelekee atafumua kipande hicho bila malipo.

Mlio. Wiki ya tatu kiti kilianza kulia kila nikipita kwenye matuta, mlio mwembamba wa chuma kwa chuma. Alikifungua upande wa chini, akakuta kishikizo kimoja cha springi kinasugua fremu, akaweka kipande cha ngozi kati yake. Nusu saa. Haujarudi.

Na joto. Ngozi bandia ni ngozi bandia. Gari likishinda juani, ukikaa na kaptula utaruka. Ningeanza upya ningeomba sehemu ya katikati iwe ya kitambaa kizito na ngozi bandia ibaki kwenye kingo. Hili halimhusu fundi, aliniuliza na mimi ndiye niliyechagua.

Ile safari ya saa saba niliifanya mwezi wa tatu. Nilisimama mara mbili, kujaza mafuta na kunyoosha miguu, na mara zote mbili nilishuka nikatembea. Sikushika mlango. Mgongo ulichoka kama unavyochoka wa mtu yeyote aliyekaa siku nzima, lakini lile eneo la kiunoni, lililonitesa tangu nilipoirithi gari, lilikuwa kimya. Usukani una nafasi ya ngumi nzima juu ya paja langu. Na upande wa dereva, nikilaza rula ndefu kutoka mlango hadi katikati ya kiti, mwanga unapita chini yake pale tu fundi alipochonga bonde. Nimepima kila mwisho wa mwezi, kina hakijaongezeka.

Ananisubiri Jumatatu kwa ajili ya ule mstari wa nne. Namchukulia na egemeo la pikapu ya rafiki yangu, Ford F-100, alitazame kwanza. Nimeshamwambia rafiki yangu fundi atamwambia nini: alete gari zima.