Myford ML7 ya mtumba: nilivyoinunua Tabora, nilivyoitumia Kigoma na kwa nini nimeiuza

Wiki iliyopita nimeuza mashine yangu ya kukereza vyuma, lethi ndogo ya Kiingereza aina ya Myford ML7. Nimekaa nayo miaka minne kwenye banda nyuma ya nyumba yangu hapa Katubuka, Kigoma. Tangu iondoke, vijana wa Kibirizi na Gungu wanaotaka kuanza kazi hii wananiuliza maswali yale yale: inafaa, niangalie nini, bei yake ikoje. Naandika yote mara moja, maana mtu akikosea kununua lethi hapotezi hela tu, hata hamu ya kazi inamtoka.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya hiyo Myford. Nilituma laki nne za kishika uchumba kwa dalali mmoja wa Dar es Salaam, kwa mashine niliyoiona kwenye picha tu. Rangi ya kijani, inang'aa kama imetoka dukani. Nilipofika kuiona, nikakuta rangi imepigwa mpaka juu ya kitanda, yaani zile reli mbili ndefu za mashine, pale pale kisu kinapoteleza. Sehemu ile haipakwi rangi, hupakwa mafuta. Nilipoikwangua kwa ukucha, chini yake kulikuwa na mabonde unayoyasikia kwa kidole. Laki nne hazikurudi, na mpaka leo nikizikumbuka zinaniuma.

Basi shemeji yangu wa Tabora akaniambia kuna mzee mstaafu, fundi wa reli, anauza lethi yake ya nyumbani kwa sababu macho yamechoka. Nikapanda treni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kuangalia kwanza."

"Hapo sawa. Vaa koti la kazi, uwashe mwenyewe."

Saa tatu nilizokaa kwenye banda la yule mzee zimenifundisha kuliko miaka yangu yote ya kuchomelea. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta kitanda chote kikabaki cheupe, akaniambia niitafute mwenyewe sehemu iliyoliwa. Kwa kawaida inakuwa karibu na chaki, yaani taya zinazobana na kuzungusha kazi, kwa sababu kazi nyingi ni fupi na kisu kinashinda hapo hapo. Kipimo chake ni hiki: peleka kibeba kisu (yeye alikiita behewa, kwa mazoea ya reli) mpaka karibu na chaki, kaza skrubu za kubania mpaka kisicheze, halafu kisukume kuelekea mkiani, mwisho wa pili wa kitanda. Kikikwama njiani, jua karibu na chaki pameliwa na kule mkiani bado pazima.

Kwa ML7 jambo hili lina habari yake. Zile za zamani, zilizotengenezwa kabla ya 1972, zinaongozwa na reli ya mbele peke yake, pande zake mbili. Baadaye kiwanda kikabadilisha, kibeba kisu kikawa kinaongozwa na uso wa mbele wa reli ya mbele na uso wa nyuma wa reli ya nyuma. Sasa kwenye mashine ya zamani ule uso wa nyuma haujawahi kuguswa na kitu, kwa hiyo uko kama ulivyotoka kiwandani. Mafundi wengi wa Uingereza hubandika ukanda mwembamba wa chuma ndani ya kibeba kisu ili kiegemee hapo, na mashine iliyochoka inarudi kwenye mstari bila kupeleka kitanda kusagwa. Mzee alishalifanya hilo kwa mikono yake. Alinimulikia tochi nikauona ukanda wenyewe, umekaa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata karatasi ya sigara haipiti.

Tukabana kipande cha chuma cha milimita 25 kwenye chaki, kikatokeza sentimita 10, nikakikata kidogo sana mara moja kutoka mwisho mpaka mwanzo. Nikapima unene kwa maikromita huku na huku. Tofauti ilikuwa milimita 0.02. Kwa mashine yenye umri kumzidi mnunuzi, sikuwa na la kusema. Kisha nikaweka ubao kwenye chaki, nikaunyanyua kwa nguvu huku saa ya kupimia (kipimo cha mshale kinachoonyesha mtikisiko mdogo) imeegeshwa juu, kuona kama ekseli inayozungusha chaki inacheza kwenye beringi. ML7 haina beringi za gololi, ina vikombe vya madini laini meupe, na ukiona inacheza unapunguza karatasi nyembamba za chuma zilizo chini ya vifuniko. Ya mzee ilikuwa imetulia.

Kasoro alinitajia kabla sijaiona: gia kubwa ya kichwani ina meno mawili yaliyovunjika. Mtu aliyeimiliki kabla yake alikuwa akifunga gia ili afungue chaki iliyokwama. Kwa hiyo wewe unayekwenda kuangalia Myford, zungusha ile gia polepole na uhesabu meno. Ni ugonjwa wa kawaida wa mashine hizi.

Alitaka 3,500,000, tukaafikiana 3,100,000 pamoja na chaki ya taya tatu, ya taya nne, na gia zote za kubadilisha. Tuliifungua vipande, kitanda tukakiweka kwenye kasha la mbao, ikaja Kigoma kwa treni. Haikupata hata mkwaruzo.

Sasa kuitumia. Niliipenda. Mota yake ni ya nusu farasi, fezi moja, inakwenda kwa umeme wa nyumbani bila kuongeza chochote. Nimekereza bushi za mashine za kukamua mawese nisizozikumbuka idadi, puli za mashine za kusaga, pini na bushi za shaba za injini za boti. Sauti yake ni ya chini, mama watoto hakuwahi kulalamika usiku. Inachotaka ni mafuta tu. Nilitumia ya haidroliki namba 32 kwenye vikombe vidogo vya kudondoshea mafuta, na sikuiwasha hata siku moja bila kuangalia kama tone linashuka. Kiwanda chenyewe cha Beeston, karibu na Nottingham, kilifungwa mwaka 2011, lakini jina lilinunuliwa na vipuri bado vinauzwa.

Mambo mawili yalinisumbua. Mashine ni ya inchi. Alama moja kwenye mpini wa kisu ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254, na skrubu yake ndefu inayovuta kibeba kisu ina nyuzi nane kwa inchi, wakati boliti zote za ziwani ni za milimita. Mzee alikuwa amejichongea gia ya meno 63, ukiipanga na nyingine unapata nyuzi za milimita zenye kosa la sehemu moja kwa 8,000 hivi. Kwa boliti hiyo si kitu. Ila usifungue nati ya kuvutia, ile inayoshika skrubu ndefu, katikati ya kazi, maana hutaipata tena nyuzi ile. Ondoa kisu, rudisha mota nyuma, anza upya.

Na hapo kwenye kurudisha nyuma ndipo nilipopata hofu ya maisha yangu. Chaki ya ML7 imefungwa kwa nyuzi tu. Siku moja nilirudisha mota kabla sijaondoa kisu vizuri, kisu kikang'ang'ania chuma, chaki ikaanza kujifungua. Nilizima haraka ikabaki nyuzi mbili au tatu. Kilo zile zikiruka kwenye banda dogo, hakuna pa kukimbilia. Mwanangu alikuwa mlangoni analeta chai. Toka siku ile hakuna aliyeingia bandani mashine ikiwa inazunguka.

Kilichonifanya niiuze ni ukubwa. Tundu la ekseli ni kama milimita 15, na urefu kati ya ncha mbili ni inchi 20, nusu mita tu. Wenye boti Kibirizi wanakuja na shafti za mita moja na nusu, nene kuliko kidole gumba. Nimewarudisha wengi mno, na kila mmoja alirudi kwa unyonge. Natafuta lethi ya mita moja au zaidi, yenye tundu la kupitisha shafti ya milimita 40.

Kuuza kulichukua miezi miwili. Wa kwanza kuja walikuwa wa chuma chakavu, wakataka kuipima kwa kilo. Niliwaonyesha mlango. Wengine waliuliza bei kwa simu wakapotea. Nikaamua kuandika kasoro zote kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya mashine: meno mawili, inchi, chaki isirudishwe nyuma na kisu kimegusa, shafti ndefu haziingii. Rafiki yangu aliniambia najiharibia biashara.

Aliyeinunua ni kijana wa Kasulu anayetengeneza mashine za kusaga. Aliisoma karatasi yote amesimama, akaniomba chuma cha milimita 25 na maikromita, akakata, akapima. Tofauti ile ile, 0.02. Akanipa 3,400,000 bila kuvutana, akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja na kuitia mfukoni. Juzi kapiga simu, anaiona gia ya meno 63 kwenye orodha ya gia lakini kwenye sanduku haipo. Nikaikuta kwenye droo yangu, imefungwa kwenye kitambaa cha mzee. Nimeituma kwa basi la asubuhi.